Moseley: Kijana wa miaka 27 aliyezipanga elementi kwa namba

Rafiki yangu mmoja wa Kibokoni anasomea kemia chuo kikuu. Juzi nilimpitia kwao asubuhi tukale mahamri na mbaazi, nikamkuta ameikodolea macho laptopu. Kwenye skrini kulikuwa na orodha ya elementi, vitufe vichache vya kubonyeza, na mchoro wenye vilele vilivyochongoka kama meno ya papa. Akaniambia programu hiyo inaitwa Crispy. Nikacheka. Mimi nilidhani ni jina la kibanda cha chipsi.

Kumbe si mchezo. Crispy imetengenezwa katika kituo kikubwa cha eksirei kule Grenoble, Ufaransa, na inatolewa bure. Mtu yeyote anaweza kuipakua, kuifungua ndani, kuona ilivyoandikwa na hata kuibadilisha. Unachagua elementi, unachagua chaji yake na jinsi atomu za jirani zilivyoizunguka, unabonyeza, kisha kompyuta inakuchorea jinsi elementi hiyo ingejionyesha kama ungeipiga kwa eksirei kwenye mashine ya mamilioni ya dola. Mashine hiyo hatuna Mombasa. Mchoro wake tunaweza kuupata tukiwa tumekaa barazani.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, kwa hivyo maswali yangu huwa ya kijinga kidogo. Nikamuuliza: hii programu inajuaje kwamba kobalti ni namba 27 na nikeli ni 28? Ni nani aliyekaa chini akahesabu? Akanitajia jina moja, Henry Moseley. Nikaenda kumsoma. Nimerudi na kisa ambacho hakijanitoka kichwani wiki nzima.

Nyumba ya wasomi

Jina lake kamili lilikuwa Henry Gwyn Jeffreys Moseley, lakini nyumbani walimwita Harry. Alizaliwa tarehe 23 Novemba 1887 huko Weymouth, mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Huyu hakuwa mtoto wa kabwela. Baba yake alikuwa profesa wa Oxford aliyesafiri na meli ya utafiti iitwayo Challenger, ile iliyozunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876 kuchunguza viumbe na vina vya maji. Babu yake mmoja alikuwa mwanahisabati, na yule wa upande wa mama alikuwa bingwa wa kuchunguza makombe na konokono wa baharini. Babu wote wawili na baba walikuwa wanachama wa Royal Society, baraza la wanasayansi wakubwa wa Uingereza.

Baba alifariki mwaka 1891, Harry akiwa hajatimiza hata miaka minne. Akalelewa na mama yake, Amabel, mwanamke mwenye akili kali aliyekuja kuwa bingwa wa sataranji wa wanawake wa Uingereza mwaka 1913. Mama na mwana walikuwa wakiandikiana barua maisha yote, na mengi tunayoyajua leo kuhusu Harry yametoka humo.

Alipata ufadhili wa kusoma Eton, shule ya watoto wa wakubwa, kisha mwaka 1906 akaingia Trinity College, Oxford. Sasa sikiza hapa, wewe uliyekatishwa tamaa na matokeo. Mwaka 1910 mtihani wake wa mwisho wa sayansi ulimletea daraja la pili. Yeye na wote waliomjua walikuwa wakitarajia la kwanza. Aliumia. Lakini alikuwa ameshaandika kuomba kazi kwa mtu mmoja kule Manchester, na mtu huyo alimkubali.

Mtu huyo alikuwa Ernest Rutherford, ambaye mwaka 1911 angeitangazia dunia kwamba atomu ina kiini kidogo sana katikati, na uzito karibu wote umo humo.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja ambalo wanaomsifu Moseley hulirukaruka. Kule Manchester alipewa kazi ya kufundisha maabara, na darasani mwake walikuwamo wanafunzi kutoka India, Burma, Japani na Misri. Katika barua zake aliwazungumzia kwa dharau, maneno ambayo leo yangemfukuzisha kazi kabla ya saa sita mchana. Alikuwa mtoto wa tabaka lake na wa dola yake. Mimi na wewe, watoto wa Mombasa, tungeingia maabara yake tungetazamwa vilevile. Nililisoma hilo nikaweka simu chini. Baadaye nikaichukua tena, maana alichokigundua kilikuwa kikubwa kuliko yeye.

Manchester, saa tisa usiku

Ili uelewe alichokifanya, fikiria nyumba ya zamani ya Mji wa Kale. Nje kuna baraza. Hapo watu hukaa, husalimiana na majirani, hununua kahawa, hugombana. Ukiingia, kuna vyumba vya kati. Mwisho kabisa kuna ndani, chumba ambacho mgeni hafiki. Atomu iko hivyo. Elektroni za nje ndizo zinazokaa barazani, na kemia yote ya kawaida hufanyika hapo: kutu, moto, sabuni. Elektroni za ndani kabisa zimekaa karibu na kiini na hazijali sana majirani wanasema nini. Ukitaka kumjua mwenye nyumba kikweli, ulizia ndani.

Namna ya kuulizia ni hii. Unaipiga elementi kwa nguvu mpaka elektroni moja ya ndani itoke. Nafasi ikibaki wazi, elektroni ya chumba cha juu inashuka kuijaza, na ikishuka inatoa eksirei yenye masafa maalumu. Kila elementi ina masafa yake. Jamaa aitwaye Charles Barkla alikuwa ameshaona kwamba kila elementi hutoa eksirei za namna yake, ila hakuwa na njia ya kuyapima masafa yenyewe.

Njia ilipatikana mwaka 1912. Max von Laue kule Ujerumani alionyesha kwamba fuwele inaweza kuzitawanya eksirei kama vile matone ya mvua yanavyotawanya mwanga kuwa upinde. Moseley akawaka. Akamwendea Rutherford kuomba ruhusa ya kuingia kwenye uwanja huo, akafundishwa mbinu na William Bragg kule Leeds, na akaanza kazi pamoja na rafiki yake Charles Galton Darwin, mjukuu wa Darwin yule wa mageuzi ya viumbe. Baadaye Darwin alielekea kwenye hesabu, Moseley akabaki peke yake na vyombo.

Vyombo vyenyewe ungeviona ungecheka. Ndani ya bomba la kioo lililonyonywa hewa aliweka reli ndogo, na juu ya reli kitoroli kama cha treni ya mtoto. Kwenye kitoroli alipanga vipande vya elementi mbalimbali. Alikivuta kwa uzi wa hariri wa kuvulia samaki, kila kipande kikifika mahali pake kwa zamu, kinapigwa na elektroni, kinatoa eksirei, eksirei zinapita kwenye fuwele na kuangukia bamba la picha. Dakika chache, picha moja. Anavuta uzi, kipande kinachofuata.

Alifanya kazi kama mtu aliyeahidiwa kufa. Usiku kucha, mpaka alfajiri. Rafiki zake walikuja kusimulia kwamba miongoni mwa utaalamu wa Moseley ni kujua wapi ndani ya Manchester mtu anaweza kupata chakula saa tisa usiku. Wewe uliyewahi kutafuta mshikaki Mwembe Tayari wakati mji umelala, huyo ni ndugu yako.

Mwishoni mwa 1913 alikuwa amepima kuanzia kalisiamu hadi zinki. Alipozipanga picha zake moja chini ya nyingine, mistari ilishuka kama ngazi. Kalisiamu, kisha pengo la skandiamu ambayo hakuwa nayo, kisha titaniamu, vanadiamu, kromiamu, manganisi, chuma, kobalti, nikeli, shaba. Zinki aliipata kupitia shaba ya manjano, mchanganyiko wa shaba na zinki, uleule wa madele ya kahawa tunayoyaona kwa wauza kahawa wetu. Na hata pale sampuli ilipokuwa na uchafu wa metali nyingine, uchafu huo ulijitaja wenyewe kwenye picha.

Sasa hesabu. Ukichukua masafa ya eksirei hizo na kutafuta kipeuo chake cha pili, jibu linapanda kwa hatua ileile kila unaposogea elementi moja mbele. Hakuna kuruka, hakuna kusitasita. Maana yake ni kwamba kuna kitu ndani ya kiini kinachoongezeka kwa moja, moja, moja. Mholanzi mmoja mwanasheria, Antonius van den Broek, aliyekuwa akijishughulisha na fizikia kwa mapenzi tu, alikuwa ameshapendekeza kwamba nafasi ya elementi kwenye jedwali ndiyo chaji ya kiini chake. Na Niels Bohr alikuwa ametoka tu kuchapisha picha yake mpya ya atomu. Moseley ndiye aliyeleta ushahidi.

Tangu Mendeleev alipolitoa jedwali lake mwaka 1869, watu walizipanga elementi kwa uzito, na sehemu fulani zilikataa. Kobalti ni nzito kidogo kuliko nikeli, lakini tabia zake zinataka itangulie. Teluriamu na iodini vivyo hivyo. Wakemia walikuwa wakizibadilisha nafasi na kujifanya hawakuona. Moseley aliwaambia kwa picha: uzito si hoja, tazameni namba. Kobalti 27, nikeli 28. Basi.

Viti vitupu

Mwisho wa 1913 alirudi Oxford kuwa karibu na mama yake. Hakuwa na cheo wala mshahara hapo, alipewa tu nafasi ya kufanyia kazi. Aprili 1914 akachapisha sehemu ya pili: sasa alikuwa ametembea kutoka alumini mpaka dhahabu, namba 13 hadi 79.

Na hapa ndipo jambo lilipokuwa tamu. Ukishakuwa na namba, unajua nani hajafika. Ni kama shughuli ya harusi: viti vimepangwa, majina yamewekwa, vitupu vinaonekana. Moseley alitangaza kwamba viti namba 43, 61 na 75 havina watu, na elementi zake zipo mahali fulani zikingoja kupatikana. Namba 75, reniamu, ilipatikana 1925. Namba 43, teknetiamu, 1937. Namba 61, promethiamu, 1945. Zote zilikaa palepale.

Kiti namba 72 kilikuwa na ugomvi wake. Mkemia Mfaransa, Georges Urbain, alikuwa ametumia kama miaka 20 kuzitenganisha elementi adimu za ardhi, ambazo hufanana mno hata mtu anaweza kuchanganyikiwa. Alidai amepata mpya. Mwaka 1914 akafunga safari na vichupa vyake mpaka Oxford. Moseley aliviweka kwenye kitoroli, na ndani ya siku chache alimwambia kilichomo humo na kiasi gani. Elementi mpya haikuwamo. Urbain aliondoka ameshangaa, na inasemekana alibaki kumheshimu kijana huyo siku zote.

Namba 72 halisi, hafniamu, ilikuja kuonekana mwaka 1923 kule Copenhagen, kwa mbinu hiyohiyo ya eksirei. Ilikuwa imejificha ndani ya madini ya zikoni. Wewe mwenyeji wa hapa, ulishavuka kivuko cha Likoni mara ngapi? Ng'ambo ile, kuanzia 2014 hadi machimbo yalipofungwa mwishoni mwa 2024, ndipo mchanga wa madini wa Kwale ulipokuwa ukipakiwa melini: titaniamu, na zikoni pia. Na penye zikoni hafniamu haikosi. Kule Mrima Hill, Kwale hiyohiyo, kuna zile elementi adimu za ardhi zilizomsumbua Urbain miaka 20. Namba za Moseley zimelala chini ya minazi yetu.

Agosti

Juni 1914 Harry na mama yake walianza safari ndefu kwenda Australia, kwenye mkutano wa wanasayansi wa Uingereza. Walikuwa njiani vita vilipolipuka Ulaya, mwanzoni mwa Agosti. Alihudhuria mkutano, akazungumza, kisha akakimbilia nyumbani kujiunga na jeshi.

Hakuna aliyemlazimisha. Wakati huo kulikuwa hakuna sheria ya kuwalazimisha watu. Jamaa na marafiki walimsihi asiende. Angeweza kubaki maabara akalitumikia taifa lake kwa kichwa chake. Alikataa. Aliona wajibu wa mtu wa umri wake ni mstari wa mbele, akasukuma mpaka akapata nafasi ya afisa wa mawasiliano katika kikosi cha wahandisi wa jeshi.

Kiangazi cha 1915 alipelekwa Gallipoli, rasi ya Uturuki ambako Waingereza na wenzao walitaka kufungua njia ya kwenda Istanbul. Akiwa safarini aliandika wasia. Vyombo vyake na mali yake aliiachia Royal Society, itumike kwa utafiti wa majaribio.

Alfajiri ya tarehe 10 Agosti, majeshi ya Uturuki chini ya Mustafa Kemal yalishuka kutoka vilima vya Chunuk Bair kwa shambulio kubwa. Moseley alikuwa kwenye simu akipitisha amri. Risasi ilimpata kichwani. Alikuwa na miaka 27. Namba ya kobalti.

Rutherford alikuwa amejaribu kumrudisha nyumbani afanye kazi ya sayansi, akachelewa. Alilalamika hadharani kwamba taifa limefuja hazina kwa kumtuma mtu kama huyo kufanya kazi ambayo wengine wangeweza kuifanya. Mwaka huohuo wa 1915 jina la Moseley lilikuwa limependekezwa kwa Nobeli, ya fizikia na ya kemia. Kazi ya eksirei ilikuja kumpa Nobeli Barkla, kisha Msweden Manne Siegbahn aliyeiendeleza kazi ya Moseley, na mwaka 1981 mwanawe Siegbahn, Kai, kwa kuzipima elektroni zenyewe zinapofukuzwa kutoka ndani ya atomu. Programu ya rafiki yangu inachora za aina zote mbili.

Tunaowajua kwa namba tu

Jina la Moseley limechongwa kwenye mnara wa Helles kule Gallipoli pamoja na maelfu ya wengine. Nikawaza: vita vilevile vilifika kwetu. Januari 1915, miezi saba kabla ya Harry kufa, watu waliuana Yasini, ng'ambo kidogo ya Vanga. Bandari ya Mombasa ilipokea majeshi kutoka India. Wapagazi walikusanywa kwa nguvu kutoka kila pembe, na makumi ya maelfu yao wakafa, wengi kwa njaa na maradhi. Jina la Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na kikosi chao.

Hapa kwetu tuna sanamu ya Askari kwenye Jomo Kenyatta Avenue. Nimeipita tangu niko shule ya msingi, nikikimbilia matatu. Juzi nilisimama nikaizunguka. Hakuna orodha ya majina. Rutherford alimlilia Moseley kwa sababu alijua kilichokuwa kichwani mwake. Hawa wetu hakuna aliyewahi kuwauliza vichwani mwao mna nini. Moseley alikuwa na jedwali lenye viti vitupu akajua nani wa kumtafuta. Sisi hata viti hatukuhesabu.

Nilimwambia rafiki yangu hayo, naye hakunijibu. Alinisogezea laptopu. Alikuwa amechagua titaniamu, namba 22, ile ya mchanga wa Kwale, na akataka nibonyeze mwenyewe. Nikabonyeza. Baada ya muda mfupi mchoro ukajitokeza, vilele vyake vyote mahali pake, bila kuniuliza karo nililipa au sikulipa.

Nimeiweka programu hiyo kwenye kompyuta yangu ya zamani. Mengi yake bado siyaelewi. Leo usiku najaribu chuma, 26.